Tairi Kubwa na Hesabu ya Difu

Tairi ni gia ya mwisho ya gari. Nguvu ya injini hupita kwenye klachi, giaboksi, transfa, propela na difu, na difu hupunguza mizunguko ili kuongeza nguvu ya kusokota. Ikifika kwenye gurudumu, kipenyo cha tairi ndicho kinachoamua gari litasogea umbali gani kwa mzunguko mmoja na litaisukuma ardhi kwa nguvu kiasi gani. Anayevalisha gari matairi makubwa zaidi amebadilisha gia zote kwa mpigo mmoja, kuanzia ya kwanza hadi ya rivasi, hata kama hajashika spana. Mahali pa kurudisha uwiano huo ni kwenye difu. Kuichagua difu hiyo ni hesabu fupi, lakini gereji nyingi huifanya kwa makisio.

Jambo hili lilirudi mezani mapema mwaka huu, pale kijana mmoja wa Arusha alipomfikia mwandishi wa kumbukumbu hizi na Land Cruiser ya mfululizo wa 70 aliyoachiwa na baba yake. Juu ya karia alikuwa amefunga matairi manne ya inchi 35. Alisalimia, "Shikamoo mzee," akaitikiwa, na swali lake lilikuwa moja: wapi atapata springi ndefu za kuinulia gari ili matairi yale yaenee. Alipoulizwa difu ya gari lake ni ya ngapi, alijibu kwamba ni ya Toyota. Mwandishi alilitambua jibu hilo, kwa kuwa aliwahi kulitoa yeye mwenyewe mbele ya fundi mkubwa mwaka 1998.

Mwaka huo mvua za El Niño zilikuwa zimezikata barabara nyingi za Afrika Mashariki, na gereji za mtaa wa Unga Limited mjini Arusha zilijaa magari ya watalii yaliyovunjika springi, krosi na shafti. Mwandishi alianza kazi hapo akiwa mwosha vyuma. Siku ya kwanza alipewa difu iliyofunguliwa, karai la dizeli na brashi, akaambiwa aisafishe kisha aseme ni difu ya ngapi. Aliposema ni ya Toyota, fundi mkubwa hakumgombeza. Alimpa chaki, akamwambia ahesabu meno ya krauni, yaani ile gia kubwa ya mduara, halafu meno ya pinyoni, ile ndogo inayoshikana na propela. Krauni ilikuwa na meno 37, pinyoni 9. Thelathini na saba ukigawa kwa tisa unapata 4.11, na hiyo ndiyo namba ya difu: propela huzunguka mara 4.11 ili gurudumu lizunguke mara moja.

Mafundi hawasemi kwa namba tu. Wanasema difu ya nguvu na difu ya mbio. Difu ya nguvu ni ile yenye namba kubwa, kama 4.56 yenye meno 41 kwa 9, au 4.88 yenye 39 kwa 8. Propela huzunguka zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu, gari huvuta vizuri, na injini hulia zaidi barabarani. Difu ya mbio ni ile yenye namba ndogo, kama 3.73 yenye 41 kwa 11. Wanaoanza hujichanganya hapa, kwa sababu namba inapopanda mwendo hushuka. Fundi yule alitaka kila mwanafunzi wake ataje meno kwanza, namba baadaye, na jina la difu mwisho kabisa, ili asibabaishwe na maneno ya muuza vipuri.

Siku hiyo hiyo alionyesha njia ya kuijua difu bila kuifungua. Magurudumu ya mbele huwekewa mawe, gia huwa nyutro, breki ya mkono huachiwa, na gurudumu moja la nyuma huinuliwa kwa jeki huku mwenzake akiwa ardhini. Alama ya chaki huwekwa kwenye propela na nyingine kwenye tairi lililo juu. Gurudumu lililoinuliwa huzungushwa mara 20, na mtu wa pili huhesabu mizunguko ya propela. Kwa kuwa gurudumu moja limesimama, mizunguko 20 ya upande mmoja ni mizunguko 10 ya krauni. Basi hesabu iliyopatikana hugawanywa kwa 10. Ikiwa propela imezunguka mara 41 na kidogo, difu ni 4.11, ikiwa 43, ni 4.30. Anayezungusha mara mbili tu hawezi kuzitenganisha difu hizo mbili kwa macho. Kibandiko cha chuma kwenye gari huwa na alama ya difu iliyotoka nayo kiwandani, lakini gari lililopita mikono mingi halipaswi kuaminiwa kwa kibandiko. Kazi hiyo yote huchukua nusu saa.

Tairi nalo lina hesabu yake. Ukubwa wa 315/75R16 maana yake ni upana wa milimita 315, ukuta wenye urefu wa asilimia 75 ya upana huo, na rimu ya inchi 16, ambayo ni milimita 406. Ukuta ni milimita 236. Ukijumlisha wa juu na wa chini pamoja na rimu, kipenyo ni karibu milimita 879. Hilo ndilo tairi linaloitwa la inchi 35 mitaani. Kwa njia hiyo hiyo, 265/70R16 ni milimita 777, 235/85R16 ni 806, na 285/75R16 ni 834. Tairi la kale la 7.50R16, ambalo Land Cruiser nyingi za kazi zimelivaa tangu kiwandani, liko karibu sana na lile la 806.

Hizo ni namba za tairi lililo hewani. Likibeba gari hubonyea, na umbali linalokwenda kwa mzunguko mmoja hupungua kidogo. Kwa hiyo gereji ile ilipima kwa chaki: alama kwenye tairi, alama chini, gari linasukumwa hadi tairi lizunguke mara kumi, kisha utepe unanyooshwa. La muhimu ni kulinganisha vitu vinavyolingana. Tairi lililokwisha meno limepoteza milimita 10 au zaidi kila upande, hivyo mwenye kupima tairi kuukuu na kulilinganisha na jipya la dukani atapata tofauti kubwa kuliko iliyopo, na ataagiza difu isiyostahili.

Kufikia mwaka 2003 mwandishi alikuwa ameacha kuosha vyuma na ameshika usukani. Kampuni ya watalii aliyofanyia kazi iliyavalisha magari yake mawili matairi ya 315/75R16 juu ya rimu pana, badala ya 7.50R16. Kulikuwa na sababu ya kweli. Springi ndefu huinua bodi peke yake. Ekseli hubaki pale pale, na tumbo la difu huendelea kugonga mawe. Tairi ndilo linaloinua ekseli, tena kwa nusu ya kipenyo kilichoongezeka. Kutoka 806 hadi 879 difu ilipanda karibu sentimita 3.7, na kwenye njia zenye jiwe la katikati kiasi hicho kilionekana. Tairi refu pia huvuka vishimo na makorongo madogo kwa ulaini zaidi, na likipunguzwa upepo hulaza eneo kubwa juu ya mchanga. Wiki za kwanza madereva waliyagombania magari yale.

Kisha ukaja mpando wa Lerai. Magari yanayotoka katika kreta ya Ngorongoro hupanda ukuta wa karibu mita 600 hadi ukingoni, penye mwinuko wa takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Mchana mmoja mvua ilikuwa imenyesha, gari lilikuwa na wageni sita, jokofu na mizigo yao. Kwa miaka kadhaa mwandishi alikuwa akipanda hapo bila kugusa gia za chini za transfa, na hakuona haja ya kuzigusa siku hiyo. Kwenye kona ya pili gia ya pili ilichoka. Akarudi ya kwanza, injini ikashuka hadi ikataka kuzimika, naye akaishikilia kwa kuikanyaga klachi nusu nusu. Kona iliyofuata harufu ya klachi iliyoungua ilijaa garini. Gari lilisimama, wageni wakahamishiwa kwenye gari jingine, na lenyewe likavutwa kwa kamba hadi ukingoni.

Kosa la kwanza lilikuwa la dereva, ambaye gia za chini alikuwa nazo na hakuzitumia. Lakini mkono ule ule, kwenye mpando ule ule, haukuwahi kuunguza klachi kwa matairi ya zamani, na hesabu inaeleza kwa nini. Kipenyo kilipoongezeka kwa asilimia 9, nguvu ya kusukuma ardhi ilipungua kwa asilimia 8 katika kila gia. Injini ya gari lile ilikuwa 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita na isiyo na tabo. Injini ya namna hiyo huvuta hewa kama ilivyo, na hewa ya juu ni nyepesi. Mafundi hukadiria kwamba hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kule ukingoni inakuwa imebakiza chini ya asilimia 80 ya nguvu yake ya Tanga au Dar es Salaam. Ukizidisha hasara zote mbili, gari lile lilikuwa likipanda Lerai na robo tatu hivi ya msukumo ambao gari la namna yake lingekuwa nao pwani likiwa na matairi yake ya kawaida. Dereva wa pwani akilivalisha gari lake matairi hayo hayo huenda asione shida yoyote, na akamshauri mwenzake wa Karatu kwa moyo safi akampoteza.

Kushuka nako kuliguswa. Injini hulizuia gari kupitia gia zile zile, hivyo breki ya injini nayo ilipungua kwa kiasi hicho, na breki za miguu zilikuwa na kazi ya kusimamisha gurudumu zito zaidi lenye mkono mrefu zaidi. Kwenye mteremko wa Seneto, unaoingia kretani, madereva walianza kulalamika kwamba pedali inalainika. Difu ya nguvu ingesaidia upande wa injini. Upande wa breki isingesaidia kitu, na ni vizuri anayenunua matairi makubwa alijue hilo kabla ya kulipa.

Mabishano yaliyofuata pale kampuni yalihusu mafuta. Mhasibu alitoa daftari: magari yenye matairi makubwa yanakwenda kilomita chache kwa lita kuliko wenzao, na madereva wakatiliwa shaka kwamba wanauza dizeli. Tuhuma hiyo ilikaa miezi miwili na kuvunja urafiki wa watu. Mita ya gari lile huchukua hesabu yake kwenye transfa, kabla ya difu na matairi, kwa hiyo haijui kwamba tairi limebadilika. Mita iliposoma kilomita 100, gari lilikuwa limekwenda 109. Iliposoma mwendo wa 80, gari lilikuwa kwenye 87. Sehemu kubwa ya dizeli iliyodaiwa kuibwa ilikuwa kilomita ambazo hazikuandikwa. Iliyobaki ilikuwa gharama ya kweli ya matairi mapana na mazito. Mwandishi aliendesha gari mojawapo kutoka nguzo ya kilomita hadi nguzo ya kilomita kwenye barabara ya lami, akaandika namba, akazipeleka kwa mhasibu, na madereva wakasafishwa majina. Mtu aliyepandisha tairi bila kubadilisha difu lazima arekebishe hesabu ya mita kabla ya kumshuku mtu. Akipandisha difu kwa kiasi hicho hicho, mita hurudi kwenye ukweli yenyewe, na kwa madereva wanaotakiwa kutozidi kilomita 50 kwa saa hifadhini hilo si jambo dogo.

Baada ya klachi ya pili kuungua, uamuzi wa kubadilisha difu ulifikiwa. Kanuni ni nyepesi: difu ya sasa huzidishwa kwa kipenyo kipya, kisha hugawanywa kwa kipenyo cha zamani. Kwa gari lile ilikuwa 4.11 mara 879 gawa kwa 806, jibu 4.48. Difu ya 4.48 haiuzwi. Zilizopo madukani zinaruka kutoka 4.30 kwenda 4.56 kisha 4.88, na hapo ndipo anayechagua huhitaji busara kuliko kikokotoo. Gari jepesi linalokaa kwenye lami tambarare linaweza kushuka kwenye 4.30. Gari refu la watalii, lililoongezwa bodi, lenye paa la kufunguka na linalolala Ngorongoro nusu ya mwaka, linapaswa kupanda kwenye 4.56. Hesabu ya mizunguko ilithibitisha. Kwa matairi ya zamani na difu ya 4.11, mwendo wa kilomita 80 kwenye gia ya nne, ambayo ni moja kwa moja, ulikuwa mizunguko 2,165 kwa dakika. Matairi makubwa yaliushusha hadi 1,985. Difu ya 4.56 iliurudisha kwenye 2,200, na hapo ndipo injini ya 1HZ inapotoa nguvu yake kubwa ya kusokota.

Kwenye gia za chini faida ilionekana pia. Gari lenye gia ya kwanza ya 4.84, transfa ya chini ya karibu 2.49 na difu ya 4.11 hupunguza mizunguko ya injini mara 49 na nusu kabla ya kufika gurudumuni. Kwa tairi la 879 thamani hiyo huwa kama 45 ya zamani, na juu ya mawe ya njia ya Ziwa Natron gari hukimbia pale linapotakiwa kutambaa. Difu ya 4.56 huifikisha kwenye 50. Kuna wanaobadilisha gia za chini za transfa peke yake ili kupata kutambaa huko. Ni dawa halali kwa mwenye shida ya mawe tu, lakini gia za juu, ambazo gari hutumia karibu muda wote, hubaki nzito kama zilivyokuwa.

Kosa lililouma kuliko yote halikutokana na hesabu. Gari la tatu la kampuni lilivunja difu ya nyuma katikati ya msimu, na kwa kuharakisha, likafungwa difu iliyotumika, iliyotolewa kwenye gari jingine la ukoo huo. Ilikaa vizuri kwenye nyumba yake, boliti zililingana, na kwenye lami gari lilikuwa kimya na jepesi. Dereva alilisifu kwamba sasa lina mbio. Sifa hiyo ilikuwa onyo, na hakuna aliyelisikia, mwandishi akiwa mmoja wao, ingawa alikuwa amefundishwa kuhesabu meno kabla ya jambo lolote.

Ilikuwa mwezi Februari, nyumbu wako Ndutu, na udongo mweusi wa kule ukilowa hushika tairi kama ugali. Dereva aliingiza magurudumu yote manne, akatoka matopeni bila tatizo, kisha akaendelea hivyo hivyo kwenye njia ngumu ya changarawe. Usukani ukawa mzito. Rungu la transfa likakataa kutoka. Baada ya mwendo mfupi ukasikika mlio wa chuma, na krosi ya propela ya mbele ikakatika, propela ikaning'inia na kupiga sakafu chini ya miguu ya wageni. Hakuumia mtu.

Difu ilipofunguliwa Arusha, krauni ilikuwa na meno 41 na pinyoni 11. Nyuma 3.73, mbele 4.11. Transfa ya gari kama lile, ikiingizwa, hufunga propela mbili zizunguke sawasawa bila kupishana hata kidogo. Propela zikizunguka mara 100, magurudumu ya nyuma huzunguka karibu mara 27 na ya mbele mara 24. Katika kila mita 100 ambazo nyuma inataka kwenda, mbele inataka kwenda 91 tu. Kwenye tope tairi huteleza na kumaliza ugomvi huo. Kwenye ardhi ngumu hakuna kinachoteleza, na shafti zote hujisokota kama kamba hadi kilicho dhaifu kikatike. Kama gari ni la aina inayotumia magurudumu manne wakati wote, ugomvi huhamia kwenye difu ya katikati, ambayo hufanya kazi bila kupumzika mpaka ife.

Kwa hiyo gharama ya kubadilisha uwiano ni ya difu mbili daima, na aliye na fedha ya moja asubiri. Hata zikinunuliwa mbili, si kwamba mtu achukue jozi mbili zilizo sawa. Kwenye Land Cruiser za kazi za mfululizo wa 70 zenye ekseli ya mbele ya springi za koili, zilizoanza 1999, difu ya mbele ni ndogo kuliko ya nyuma, na meno yake yamekatwa kwa upande mwingine. Kinachotakiwa kulingana ni namba, si chuma chenyewe. Dereva naye, akikuta rungu limekwama, asilivute kwa nguvu. Arudi nyuma mita chache taratibu, msokoto ufunguke, kisha alitoe.

Upande wa pili wa kosa, yaani kuzidisha nguvu, mwandishi aliukuta miaka michache baadaye kwenye gari la mteja. Mwenye gari alikuwa ameweka 4.88 kwa ajili ya matairi ya inchi 35, kisha matairi yalipokwisha akarudi kwenye 7.50R16 kwa sababu ya bei. Difu aliziacha. Alilileta akilalamikia kelele na joto la injini kwenye safari za Arusha hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwenye gia ya tano, injini iliyopaswa kuwa kwenye mizunguko kama 2,380 ilikuwa kwenye 2,820. Tofauti ya mizunguko 440 kila dakika haionekani kubwa hadi izidishwe kwa saa sita: ni mizunguko zaidi ya laki moja na nusu katika safari moja, yenye dizeli yake, oili yake na uchakavu wake. Kwa kawaida, kadiri namba ya difu inavyopanda ndivyo pinyoni inavyokuwa na meno machache. Ile ya 5.29 ina meno 37 kwa 7, na pinyoni ndogo namna hiyo haistahimili kubamizwa na tairi zito kama ile ya meno 9. Mtu asiamini kwamba akiongeza namba anaongeza usalama.

Kufunga difu mpya ni kazi ya fundi mtulivu, na hapa maelezo hayatatosha badala ya mikono. Krauni na pinyoni hutengenezwa na kusagwa pamoja, huuzwa pamoja, na alama zilizochongwa juu yake huonyesha kwamba ni ndugu. Kuchanganya krauni ya jozi moja na pinyoni ya nyingine ni kuharibu zote mbili. Kina cha pinyoni hupangwa kwa shimu nyembamba, beringi hukazwa kwa kipimo, na nafasi ya kucheza kati ya meno hupimwa kwa saa ya kupimia, kwa kawaida milimita 0.1 hadi 0.2 au kama kitabu cha gari kinavyosema. Meno hupakwa rangi, krauni huzungushwa, na alama ya mguso inapaswa kukaa katikati ya jino, isiangukie ncha wala kisigino. Mwandishi amewahi kuona difu mpya ikilia baada ya mwezi mmoja kwa sababu fundi alirudisha shimu za zamani bila kupima, akisema nyumba ni ile ile. Nyumba ilikuwa ile ile, lakini pinyoni ilikuwa nyingine. Baada ya kufungwa, difu huendeshwa taratibu bila mizigo kwa kilomita mia kadhaa, hupumzishwa ipoe katika safari za mwanzo, na oili yake ya GL-5 humwagwa mapema kwa sababu hubeba unga wa chuma.

Yote hayo hayana faida kwa mtu ambaye hakuhitaji tairi kubwa tangu mwanzo. Kwa alichokiona mwandishi, tofauti ya kipenyo iliyo chini ya asilimia 5 haistahili kufunguliwa difu. Dereva huizoea kwa siku mbili. Kati ya 5 na 10, mzigo na mwinuko ndio huamua: gari tupu la Bagamoyo linaweza kubaki lilivyo, gari lililojaa la Ngorongoro haliwezi. Ikizidi 10, kama mtu anayetoka 265/70R16 kwenda inchi 35, ambayo ni asilimia 13, bei ya difu mbili na kazi yake iandikwe kwenye karatasi moja na bei ya matairi, na isipopatikana matairi yasinunuliwe.

Kijana wa Land Cruiser alipewa chaki. Gari lake lilihesabiwa mbele na nyuma, zote 4.11, matairi yake yalikuwa 7.50R16 yaliyobakiza meno. Alieleza kwamba hulitumia kupeleka familia Karatu kila mwezi na kubeba wageni wachache Natron wakati wa kiangazi. Kwa inchi 35 angeongeza asilimia 9 na kupanda Ukingo wa Bonde la Ufa akiwa amejaza watu, kwa injini isiyo na tabo. Kwa 285/75R16 angeongeza asilimia 3 na nusu, difu ingepanda zaidi ya sentimita moja, na hakuna chuma ambacho kingehitaji kuguswa zaidi ya rimu. Alikaa na karatasi ile muda mrefu, akauliza maswali mazuri kuhusu breki, kisha akaomba apewe wiki moja. Matairi ya inchi 35 ameyauza. Gari lake sasa lina 285/75R16, springi zake za kiwandani, na difu zile zile za meno 37 kwa 9, mbele na nyuma.